Kuku Aliyetaga Kwenye Keria

Kosa lenyewe nililifanya nikiwa nimelala chali kwenye mkeka, barazani kwangu Bariadi, simu ikiwa sikioni. Nalitaja mapema ili msije mkasema nililificha.

Aliyepiga alikuwa dada yangu mkubwa, anayeishi Kasoli. Akipiga simu huuliza mambo kwa mpangilio uleule siku zote: afya, mke wangu, watoto, mvua, halafu baiskeli.

"Na baiskeli ya baba, inatembea?"

"Inatembea, dada. Leo tu nimetoka nayo sokoni."

Wakati huohuo kuku wangu mwekundu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa ameifanya keria ya baiskeli hiyo kiota chake ndani ya stoo, akamaliza kutaga na kuanza kuutangazia mtaa mzima.

"Huyo kuku yuko wapi?" dada akauliza.

"Ndiye niliyemnunua huko sokoni."

Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaongeza, "Nimemfunga kwenye keria. Katulia kweli."

Dada akaniaga vizuri kabisa, mapema kuliko kawaida yake. Hilo lilinipita tu. Niligeukia ubavu wa pili nikaendelea kupumzika.

Sasa niwaeleze kwa nini baiskeli inaulizwa kama mgonjwa. Baba yetu alipofariki, siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa. Mambo ya ng'ombe na mashamba yalikwisha haraka kuliko nilivyotarajia. Ikabaki baiskeli yake, nyeusi, ndefu, yenye bomba la juu na breki za vyuma, ile iliyobeba pamba yetu miaka yote mpaka kwenye ghala la ununuzi, na iliyonibeba mimi na sanduku langu la bati siku ya kwanza naenda sekondari. Baba alikanyaga kutoka nyumbani mpaka shuleni bila kushuka kwenye kilima hata kimoja. Nilikaa kwenye keria nimeshika shati lake lililolowa jasho, na hadi leo nikipita karibu na shati lililolowa jasho hukumbuka hesabu za kidato cha kwanza.

Katekista wa kigango cha kwa dada aliiomba. Anatembea kwa miguu kwenda kusalisha kwenye vigango vitatu, na ombi lake lilikuwa la haki. Mimi nikaitaka kwa sababu moja tu, kwamba ilikuwa ya baba. Dada, ambaye kwetu neno lake ndilo la mwisho, akasema, "Baba hakupenda baiskeli isimame. Achukue mdogo wangu, lakini itembee. Ikisimama, inarudi Kasoli, anapewa katekista."

Nikakubali mbele ya watu wote huku nalia. Machozi humfanya mtu aahidi mambo ambayo magoti yake hayajaulizwa.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, wateja wananifuata, maji yanakuja na mkokoteni, na habari za mji zinaletwa na jirani. Kuna watu huona kuta za nyumba kama jela. Mimi huziona kama koti linalonikaa vizuri begani. Mara ya mwisho kupanda baiskeli kabla ya hapo nilikuwa na nywele kichwani. Niliiingiza ya baba stoo kwa heshima zote, nikaifunika gunia, nikajiambia nitaanza Jumatatu. Hizo Jumatatu zilipita nyingi. Gunia likaanguka, kuku akaona mahali pazuri.

Siku tatu baada ya ule uongo wa sokoni, dada akapiga tena. Safari hii hakuuliza afya.

"Jumamosi ijayo njoo Kasoli. Tumemaliza kuvuna pamba, tunakula pamoja. Njoo na baiskeli ya baba, na uje umeipanda. Katekista nimemwambia afike saa sita mchana. Ukifika kabla ya saa hiyo juu ya baiskeli, ni yako moja kwa moja, sitauliza tena. Ukija na bodaboda, usijisumbue kueleza."

"Dada, kwani nani kakwambia..."

"Kuku," akasema, akakata simu.

Nikatoka nje moja kwa moja hadi kwenye uzio wa minyaa unaotutenga na jirani. Jirani yangu ni mama mjane anayekaanga maandazi, mwimbaji wa kwaya moja na binamu wa shemeji yangu, mume wa dada, na mdomo wake haujawahi kukaa likizo.

"Mama, umemwambia dada yangu habari za kuku?"

"Niliulizwa, nikajibu," akasema bila kuinua macho kwenye karai. "Ulitaka niseme uongo? Mimi ni mtu wa kwaya."

Mke wangu, aliyesikia yote, akasema neno moja tu: "Simo." Akaingia ndani.

Basi nikamwondoa kuku kwenye keria, akanidonoa mkono, na nikaipeleka baiskeli kwa fundi. Fundi baiskeli akaigeuza juu chini, akazungusha magurudumu, akavuta mnyororo, akabadilisha tyubu ya mbele, akapaka grisi, akakwangua mavi ya kuku kwa bisibisi huku akitikisa kichwa. Mwishowe akasimama, akaniangalia kuanzia viatu hadi tumboni.

"Baiskeli nzima hii, mzee. Wewe mwenyewe sevisi ya mwisho ulifanya lini?"

Nilibakiwa na siku nane. Nikaamua, na nikiamua jambo huwa mbishi kama doa la wino. Nikaenda kila alfajiri kwenye uwanja wa shule ya msingi, maana shule zilikuwa zimefungwa. Nilichagua alfajiri ili nisionekane. Nilikuwa nimesahau kwamba Bariadi watu huamka kabla ya jogoo, na kwamba uwanja ule ni njia ya mkato ya wote waendao sokoni.

Tatizo langu halikuwa kukanyaga. Miguu yangu imezoea, cherehani imeifundisha. Wala halikuwa kusawazisha, maana hilo lilirudi asubuhi ya pili, ghafla, kama jina la mtu ulilolitafuta usiku kucha. Tatizo lilikuwa kupanda na kushuka. Baiskeli ya baba ni ndefu na mimi ni mfupi. Zamani nilikuwa naweka mguu wa kushoto kwenye pedeli, narukaruka mara tatu kwa ule mwingine, halafu naurusha ule wa kulia nyuma, juu ya keria, na nimekaa. Sasa mguu wa kulia ulikuwa unapanda hadi usawa wa keria, unafikiria, unarudi. Siku ya kwanza ulinasa kwenye keria nikaenda hivyo, mguu mmoja nyuma kama mbwa anayekojoa, hadi kwenye goli. Siku ya tatu nilijaribu karibu na nyumbani nikaingia mzimamzima kwenye minyaa ya jirani. Utomvu wake unawasha sana.

"Hiyo nimeipanda kuzuia mbuzi," jirani akasema akiwa upande wa pili. "Sikujua itazuia na watu wazima."

"Mama, nisaidie kwanza, utanicheka baadaye."

"Nitacheka sasa, maana baadaye nina kazi."

Mwishowe nikapata njia yangu. Nilikuwa natafuta jiwe kubwa, kichuguu au ukuta wa kalavati, napanda juu yake kama mtu anayepanda punda, ninaketi, na kujisukuma. Kushuka nako nilikuwa naiendea miti polepole, naikumbatia. Haikuwa sura nzuri, lakini nilizunguka uwanja mara kumi, kisha ishirini, kisha nikaacha kuhesabu. Mapaja yaliwaka hadi nikawa nakaa kwenye kiti cha cherehani kwa awamu. Siku ya saba nilienda hadi nje ya mji na kurudi. Nilipoingia nyumbani mke wangu aliweka uji mezani, akaongeza karanga. Kwa mtu aliyesema hayumo, karanga zilikuwa nyingi.

Jumamosi nikaondoka jua halijatoka.

Njia ilianza vizuri. Niliacha lami, nikashika njia ya vumbi, mashamba pande zote mbili yamebaki miti mikavu ya pamba na vipande vyeupe vilivyosahaulika kwenye matawi. Upepo ulikuwa mgongoni. Nilimpita mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia, nikapiga kengele, akanijibu kwa yake. Nilijisikia mwanaume. Nilianza hata kupiga mluzi, jambo ambalo mapafu yangu yalilipinga mara moja.

Halafu nikakutana na mzee wa kwanza.

Kwetu Usukumani mtu hamwamkii mzee akiwa juu ya baiskeli. Unashuka. Unaishikilia ubavuni, unavua kofia, unasema "Mwangaluka," naye anaitikia, kisha mnaulizana: umeamkaje, nyumbani wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, unatoka wapi, wewe ni wa nani. Huondoki mpaka yeye aoneshe kwamba mmemaliza. Ukimsalimia kutoka juu ya kiti ukapita, ni kama umemtupia salamu jinsi unavyomtupia mbwa mfupa. Nimefundishwa hivyo na baba mwenyewe, juu ya baiskeli hiyohiyo.

Kwenye mazoezi yangu yote sikuwa nimefikiria wazee. Uwanja wa shule hauna wazee.

Huyu wa kwanza nilimwona mapema, palikuwa na mti, nikaukumbatia, nikashuka, nikamwamkia vizuri. Akaniuliza habari hadi za mjomba ambaye sina. Aliporidhika, hapakuwa na jiwe wala kalavati karibu, nikasukuma baiskeli mwendo mrefu hadi kwenye kichuguu. Nikapanda. Baada ya dakika chache, mabibi wawili na mizigo ya kuni. Mti, kumbatia, shuka, kofia, "Mwangaluka mayu," yaani mama, habari zote, sukuma, tafuta jiwe. Kisha mzee na ng'ombe wake wanne. Kisha mzee na redio. Nadhani siku hiyo wazee wote wa wilaya walikuwa wameitwa barabarani. Nikiangalia simu, saa zilikuwa zinakimbia kuliko mimi. Nilikuwa nimetumia muda mwingi zaidi kuwa mtu mwenye adabu kuliko kuwa mwendesha baiskeli.

Ilipogonga saa tano nilikuwa sijafika mtoni.

Mto wenyewe wakati huu ni mchanga mtupu, lakini njia inauteremkia ghafla na kuupanda ng'ambo. Kila mtu wa huku anajua: ukiuvuka kwa baiskeli unateremka kwa kasi, ili kasi hiyo ikupitishe kwenye mchanga. Ukisita, gurudumu linazama na unalala hapo. Nikaachia breki. Upepo ukaingia ndani ya shati. Na pale chini kabisa, karibu na kisima kilichochimbwa mchangani, nikamwona mzee mwenye kofia pana anawanywesha ndama, ameegemea fimbo, ananitazama ninavyokuja.

Nilikuwa na muda wa kuwaza jambo moja tu, na nililowaza ni kwamba hapakuwa na mti.

"Mwangaluka, baba!" nikapaza sauti, nikampita kama kitu kilichotupwa. Kofia ilikuwa kichwani. Hata mkono sikuinua, maana yote miwili ilikuwa inashikilia maisha yangu. Nikapita mchangani, nikapanda ng'ambo, na nilipogeuka kidogo nikamwona bado amesimama, mdomo wazi, ndoo mkononi.

Ningeweza kusimama pale juu, nirudi kwa miguu. Sikurudi. Nilikanyaga. Niwe mkweli, nilikanyaga kwa nguvu zaidi, na aibu ikiwa nyuma yangu kama abiria mzito.

Kisha, nyumba ya dada ikiwa inaonekana kwa mbali, tairi la nyuma likatoa upepo. Nilisikia kwanza, halafu nikahisi rimu inagonga ardhi. Nikaukumbatia mti wa mwisho, nikashuka, na kuanza kusukuma. Hivyo ndivyo nilivyoingia uani kwa dada: nasukuma.

Dada alikuwa amekaa kivulini anachambua mchele kwenye ungo. Pembeni yake, kwenye benchi, katekista, kijana mtaratibu, ameshika pampu na kimfuko cha viraka. Saa sita ilikuwa bado, ila alikuwa amekuja mapema, tena amejiandaa. Sandali zake zilizolika soli nilizitazama nikageuza macho.

"Dada, nimepanda," nikasema. "Tairi limetoboka hapo tu, karibu na ule mti."

"Lori limekushusha wapi?" akauliza.

"Nimepanda kutoka Bariadi!"

"Kama ulivyopanda kwenda sokoni?"

Nilimwonesha vumbi. Akasema vumbi liko hata kwenye bodaboda. Nilimwonesha jasho. Akasema mimi hutoka jasho nikila ugali. Nilianza kumtajia wazee, mmoja baada ya mwingine, yule wa redio, yule wa ng'ombe wanne. Akanisikiliza jinsi watu wanavyomsikiliza mlevi, kwa upole na bila kuamini neno. Hakukuwa na cha kufanya. Uongo nilikuwa nimeuzoea vizuri kiasi kwamba ukweli wangu ulitoka mdomoni kwa sauti ileile.

"Mpe," dada akasema akimwelekeza katekista kwa kidevu. "Tulikubaliana."

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kiti cha baiskeli. Ngozi yake imechakaa upande mmoja, upande ambao baba alikuwa analemea. Kila siku ya mazoezi nilikuwa nimekaa pale nikilemea upande huohuo bila kukusudia. Nilijaribu kuutoa mkono na haukutoka haraka.

Simu ya dada ikalia.

Alisikiliza. Akasema, "Mwangaluka, baba." Akasikiliza sana. Akaniangalia. Akageuza uso akaangalia baiskeli. "Nyeusi?" akauliza. "Ndefu? ... Mfupi, ndiyo. Mwenye tumbo. ... Hakushuka? ... Kabisa? ... Na kofia kichwani?" Ungo ulianza kutikisika magotini mwake, nikadhani analia. Alipokata simu alikuwa anacheka mpaka mchele unamwagika.

Yule mzee wa kisimani alikuwa baba mdogo wa shemeji yangu. Alikuwa amepiga kushtaki kwamba kuna mtu asiye na adabu, juu ya baiskeli inayofanana na ya marehemu baba yetu, amempita mtoni kama nyati, bila kushuka, akielekea Kasoli, na kama dada anamfahamu amwambie amelelewa vibaya.

"Ni yeye," dada akamwambia katekista akipangusa macho. "Kweli amepanda, baiskeli ni yake. Hakuna mtu anayeweza kutunga aibu ya namna hii."

Katekista akacheka kidogo, akainuka, akageuza baiskeli juu chini na kuanza kuziba tairi langu kwa viraka vyake mwenyewe. Nikamshukuru, nikamwambia "Wabeja" mara mbili. Sikupata neno zuri zaidi na sijalipata mpaka leo. Alipomaliza alikula nasi, akaaga, akaondoka kwa miguu.

Jioni ile dada akanitoa uani. "Sasa nioneshe unavyoshuka."

Nikautafuta mti.

"Acha mti, mdogo wangu. Baba uzeeni aliacha kurusha mguu. Ulikuwa hukai nyumbani, hukuona. Tazama." Akafunga kitenge vizuri, akaishika baiskeli, akailaza kuelekea kwake mpaka bomba la juu likawa chini ya goti, akavuka mguu kama mtu anayeruka mfereji mdogo. Akaisimamisha, yuko juu. Akailaza tena, yuko chini. Miaka sitini na ushee, na hakuhema.

"Ni hivyo tu?" nikauliza.

"Ni hivyo tu. Kesho kabla hujafika kwako utashuka pale mtoni."

Nikalala Kasoli. Asubuhi nikala matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na maziwa ya mgando, nikaondoka. Mzee alikuwa kisimani, na kwa jinsi alivyoketi nilijua ananisubiri. Nilifunga breki juu kabisa ya mteremko, nikailaza baiskeli, nikavuka mguu, nikasimama chini kwa miguu yangu miwili bila kukumbatia kitu chochote. Nikavua kofia. Nikasukuma hadi mbele yake.

"Mwangaluka, baba."

Akainuka kwa fimbo yake. "Jana uliniamkia ukiwa hewani," akasema.

"Nisamehe, baba. Nilikuwa sijui kushuka."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima."

Akaichunguza baiskeli, akagusa kengele. "Baba yako alikuwa anashuka hapahapa kila siku ya mnada. Hata akiwa na mzigo wa pamba, anashuka. Tunaulizana, halafu namsaidia kusukuma hadi ng'ambo." Kisha akaanza habari zake, na mimi zangu, hadi za ndama, na sikutazama simu hata mara moja. Alipomaliza, akaweka mkono kwenye keria akanisukuma hadi upande wa pili wa mchanga.

Niliingia Bariadi alasiri, nimepanda, suruali nimeikunja hadi magotini kwa ajili ya mnyororo, vumbi hadi kwenye nyusi. Jirani alikuwa nje na karai lake. Nikasimama mbele ya uzio wake wa minyaa, nikailaza baiskeli, nikavuka mguu polepole ili aone vizuri, nikavua kofia.

"Mwadila, mama," nikasema, salamu yetu ya alasiri.

Akanitazama, akageuza andazi, akanitazama tena.

"Umerudi nayo? Mimi nilishamwambia dada yako akutafutie bodaboda ya kurudia. Kuku wako nimemhamishia kwangu, ametaga mawili, nimeyala. Na hiyo miguu ifunike, nina wateja hapa."